Pampu za maji za mitaani London: zilifanyaje kazi, na kwa nini zilichelewa kufungwa?

Mdadisi wa Visima

Wakuu, naomba tuweke sawa habari ya pampu za mitaani za London. Kila andiko kuhusu kipindupindu cha 1854 linakwenda hivi: daktari John Snow alichora ramani, akaona vifo vimeizunguka pampu ya Broad Street pale Soho, mpini ukang'olewa, ugonjwa ukakoma. Pampu yenyewe haielezwi na mtu.

Kinachonitatiza kwanza ni kina. Kisima kile kinatajwa kuwa na futi 28 hadi 30, na pampu ya kunyonya haiwezi kuvuta kutoka mbali hivyo. Pili, uchafu uliingilia wapi hasa? Tatu, kuondoa mpini kulisaidia kweli, au ugonjwa ulikuwa umeshapungua wenyewe? Halafu kuna hili: mji ulikuwa na kampuni za maji ya bomba tangu miaka ya 1600. Kwa nini watu waling'ang'ania pampu, na zilifungwa lini? Mwenye kujua mitambo na mwenye kujua historia, wote karibuni.

Fundi Silinda

Mkuu, nianze na mashine.

Pampu ya mtaani ya wakati ule ni ya kunyonya na kuinua. Kuna silinda, ndani yake pistoni yenye vali inayofungukia juu. Chini ya silinda kuna vali ya pili, nayo hufungukia juu, na kutoka hapo bomba la kunyonyea linashuka mpaka ndani ya maji. Ukishusha mpini, fimbo inapanda na pistoni, shinikizo la hewa bombani linapungua, na hewa ya nje inayokandamiza uso wa maji kisimani inayasukuma juu. Ukiinua mpini, pistoni inashuka, vali ya chini inajifunga, maji yanapenya vali ya pistoni na kubaki juu yake. Mpigo unaofuata unayabeba hadi mdomoni mwa pampu.

Kikomo cha kunyonya kinahesabiwa kuwa mita 10.3 kwenye usawa wa bahari. Kazini, kwa sababu ya mivujo midogo na msuguano, usitegemee zaidi ya mita 7 hadi 7.5. Futi 28 hadi 30 ni mita 8.5 hadi 9.1, kwa hiyo shaka yako ina msingi. Ila hicho ni kina cha kisima hadi sakafuni. Kinachohesabiwa ni umbali kutoka uso wa maji hadi pistoni inapofika juu kabisa. Kisima hicho kikiwa na mita 2 za maji, uso wake uko mita 6.5 hadi 7.1 chini ya barabara. Fundi akiishusha silinda hata nusu mita chini ya usawa wa barabara, ameshapata nafasi ya kutosha. Juu ya pistoni hakuna kunyonya tena, ni kuinua, na kuinua kunategemea nguvu ya mkono na uimara wa fimbo tu. Watu wengi hupima kutoka mdomo wa pampu, ndiyo maana hesabu inawagomea.

Sasa nguvu. Chukua silinda ya kipenyo cha milimita 75 na mwendo wa pistoni wa milimita 200. Kila mpigo unatoa lita 0.88, ndoo ya lita 20 inajaa kwa mipigo 23. Nguzo ya maji ya mita 7 juu ya pistoni hiyo ina uzito wa kilo 31 hivi. Mpini wenye uwiano wa 5 kwa 1 unaushusha hadi kilo 6 mkononi, ukiacha msuguano. Mtoto wa kutumwa maji aliweza, na watoto ndio waliotumwa sana.

Kinachoharibika mara nyingi ni ngozi. Pistoni huvikwa kikombe cha ngozi kinachotanuka na kubana ukuta wa silinda. Pampu ikikaa bila kazi, ngozi hukauka, husinyaa, na mpini unacheza bila kuleta kitu. Dawa yake ni kumimina maji juu ya pistoni, kungoja dakika chache ngozi ivimbe, kisha kupiga mipigo mifupi ya haraka. Maji yakiwa yanaanguka kila usiku na asubuhi unapiga mipigo mingi ndipo yatoke, vali ya chini imekamata mchanga. Mdomo ukitema maji na hewa kwa zamu, bomba la kunyonyea lina ufa mahali fulani juu ya uso wa maji.

Angalia tatizo la kiafya lililofichika hapo: maji ya kuamshia ngozi yalitoka kwenye ndoo yoyote iliyo karibu. Hata kisima safi kingeweza kuchafuliwa kutoka juu.

Zile za zamani zilikuwa gogo la mti wa elm lililotobolewa kwa urefu. Mti huo ukikaa ndani ya maji wakati wote hauozi upesi. Huozea pale maji na hewa vinapopokezana. Baadaye zikaja silinda za madini ya risasi, kisha za chuma cha kusubu. Mpini hushikwa na pini ya kuzungukia. Toa pini, chomoa mpini, pampu imefungwa bila kuharibu kitu ndani, na kesho ukitaka unairudisha.

Mtunza Kumbukumbu

Fundi kamaliza mashine, mimi nishike tarehe.

Snow hakuuondoa mpini kwa mkono wake, wala ramani haikuwa silaha yake ya siku ile. Jioni ya Alhamisi tarehe 7 Septemba 1854 alifika mbele ya bodi ya parokia ya St James akaeleza hoja yake kwamba maji ya pampu ndiyo yanayoeneza ugonjwa. Mpini uliondolewa siku iliyofuata. Ramani aliionyesha Desemba, na ikachapishwa 1855.

Kuhusu swali la tatu, jedwali la Snow mwenyewe linajibu. Ukiwapanga waliofariki kwa siku waliyoanza kuugua, unapata: tarehe 30 Agosti watu 8, tarehe 31 watu 56, tarehe 1 Septemba watu 143, kisha 116, 54, 46, 36, 20, 28, na tarehe 8, siku ya mpini, watu 12. Kilele kilikuwa kimepita wiki nzima kabla. Wakazi wengi walikuwa wamekimbia mtaa. Snow aliandika wazi kwamba haiwezekani kuamua kama kisima bado kilikuwa na sumu wakati kinafungwa. Jumla ya vifo katika jedwali lake ni 616.

Lakini usikimbilie kusema mpini haukusaidia. Nyumba namba 40 Broad Street, iliyo jirani kabisa na pampu, alifariki mtoto wa miezi 5 tarehe 2 Septemba baada ya kuhara kulikoanza siku 4 kabla. Mama alikuwa akilowesha nepi kwenye ndoo na kumwaga maji yake katika shimo la majitaka mbele ya nyumba. Tarehe 8 Septemba, siku ileile mpini unaondolewa, baba wa mtoto huyo naye akaanza kuugua. Alifariki tarehe 19. Uchafu wake ulikwenda kwenye shimo lilelile. Pampu ingekuwa wazi, mtaa ungepata wimbi la pili.

Aliyemgundua mtoto huyo ni Henry Whitehead, kasisi msaidizi wa kanisa la St Luke's, aliyeanza uchunguzi akiwa haamini kabisa hoja ya Snow. Aliwajua wakazi kwa majina, akarudi nyumba kwa nyumba kuuliza nani alikunywa maji ya pampu na nani hakunywa, wazima kwa wagonjwa. Mtu akisoma habari hii bila Whitehead amesoma nusu yake.

Na ushahidi wenye nguvu kuliko ramani ni wale ambao ugonjwa uliwapita. Nyumba ya maskini ya Poland Street ilikuwa na watu 535, imezungukwa na nyumba zenye misiba, ikapoteza 5 tu: ilikuwa na kisima chake. Kiwanda cha bia cha Broad Street chenyewe, wafanyakazi zaidi ya 70, hakikupoteza mtu. Walikunywa bia na kilikuwa na kisima chao. Kinyume chake, mjane mmoja aliyekuwa akiishi Hampstead, mbali na Soho, aliletewa maji ya Broad Street kwa mkokoteni kwa sababu aliyapenda, akafariki tarehe 2 Septemba.

Bwana Mfereji

Sasa uchafu uliingilia wapi. Hapa kuna funzo la ukaguzi ambalo mafundi wa visima wangelijua kwa moyo.

Kwanza ardhi. Soho inakaa juu ya changarawe ya mto Thames, na chini ya changarawe kuna mfinyanzi mzito. Mvua inapenya changarawe, inagota kwenye mfinyanzi, inatulia. Kisima cha futi 30 kinachota safu hiyo. Mashimo ya vyoo nayo yamechimbwa katika changarawe ileile. Snow ametaja pia mfereji wa majitaka uliopita yadi chache kutoka kisimani, futi 22 chini ya barabara.

Baada ya mlipuko, kisima kilifunguliwa na kukaguliwa kutoka ndani. Msimamizi wa kazi akasema ukuta wa matofali hauna tundu wala ufa. Hoja ya Snow ikaonekana kama imekwama. Mwaka uliofuata, baada ya Whitehead kuibua habari ya mtoto wa namba 40, mpimaji Jehoshaphat York alichimba kutoka nje, kati ya nyumba na kisima. Akakuta shimo la majitaka la nyumba hiyo, limeziba, na ukuta wake uko futi 2 na inchi 8 tu kutoka ukuta wa kisima. Chokaa ya kushikia matofali ilikuwa imekwisha, tofali likiinuliwa kwa mkono bila nguvu yoyote. Udongo wa katikati ulikuwa umelowa na umebadilika rangi.

Kwa nini mkaguzi wa ndani hakuona? Ukuta wa kisima cha matofali hauhitaji tundu ili uvujishe. Ulijengwa uingize maji. Maji machafu yanapita kwenye maungio yaleyale yanayopitisha maji mazuri, na jicho halitofautishi. Ukaguzi unaofaa ni wa pande mbili: shuka kisimani kiwango cha maji kikiwa chini utazame michirizi na utelezi ukutani, kisha chimba nje upande ule wenye vyoo. Njia nyingine ni kumwaga maji yenye chumvi nyingi katika shimo linaloshukiwa na kupima kloridi kisimani kwa siku kadhaa. Ikipanda, njia ipo.

Viwango vinavyotumika sasa kwa visima vifupi vimezaliwa na makosa ya aina hii. Choo kikae mbali, mita 30 ndizo zinazotajwa sana. Sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Mita 3 za juu za ukuta wa kisima zizibwe kabisa kwa saruji ili maji ya juu yalazimike kushuka kupitia udongo mwingi kabla ya kuingia. Juu kuwe na sakafu ya zege yenye mteremko na mfereji wa kupeleka mbali maji yanayomwagika. Broad Street haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo, na pampu nyingi za London hazikuwa navyo pia.

Mdadisi wa Visima

Nimepata mengi, asanteni sana. Bado jambo moja linanisumbua: futi 2 na inchi 8 kutoka shimo la majitaka, na hakuna aliyesikia ladha? Tena mtu wa Hampstead akayatamani?

Mkemia wa Maji

Hapo ndipo penye mtego wenyewe, ndugu. Maji machafu yakipita kwenye changarawe yenye hewa, bakteria wa udongo hubadili amonia kuwa nitraiti, kisha nitrati. Harufu inapotea. Kinachobaki ni nitrati, kloridi na hewa ya ukaa iliyoyeyuka, navyo vinayapa maji ladha kali kidogo, ya kuchangamsha. Ongeza ubaridi wa ardhini wakati wa kiangazi, una maji yanayopendwa kuliko ya bomba yaliyokaa kwenye pipa la nyumbani. Maji yale yale yaliyokuwa yakisifiwa ni yaliyobeba mabaki ya vyoo.

Nitrati ni alama kwamba uchafu umepita hapo. Haisemi kama vijidudu vimekufa njiani. Njia ikiwa ndefu na mchanga mwembamba, wengi wanakwama. Njia ikiwa futi 2 za udongo uliolowa tayari, wanapita.

Snow aliyatazama maji ya Broad Street jioni ya tarehe 3 Septemba akaona uchafu kidogo sana hata akasita. Siku mbili zilizofuata ndipo akaona vipande vidogo vyeupe vikielea. Tena watu walichagua kwa ladha: pampu ya Marlborough Street, jirani tu, ilikuwa chafu kiasi cha wengi kuikwepa, wakaenda Broad Street. Ladha mbaya iliwaepusha na pampu hiyo, lakini ikawapeleka kwenye hatari kubwa zaidi. Maji hayo yaliingia pia mikahawani na baani, na madukani yaliuzwa yakichanganywa na unga wa kutoa povu. Kwa hiyo kumuuliza mtu "ulikunywa ya pampu?" hakutoshi.

Miaka ya 1860 mkemia Edward Frankland alianza kuhesabu nitrojeni yote ndani ya maji na kuitafsiri kama kipimo cha majitaka yaliyopita humo zamani. Wenzake walibishana naye sana, lakini kipimo hicho kiliyatia doa maji ya visima vya mjini ambayo jicho na ulimi viliyapitisha.

Mtunza Kumbukumbu

Nimalizie swali la kampuni na kufungwa, maana limebaki.

Maji ya bomba yalikuwepo kweli. Gurudumu la Peter Morice kwenye daraja la London lilianza kusukuma maji ya Thames mwaka 1582, na mfereji wa New River wa Hugh Myddelton ulifika kutoka Hertfordshire mwaka 1613. Ila kuwepo bomba si kuwepo maji. Kampuni zilifungulia mtaa kwa saa moja au mbili, siku nyingine hakuna, na Jumapili mara nyingi hakuna kabisa. Nyumba za kupanga ziligawana bomba moja uani na pipa lisilofunikwa. Pampu ilitoa maji saa zote, baridi, bila ankara. Mtu aliyeichagua hakuwa mjinga.

Tena bomba halikuwa salama kwa kuwa ni bomba. Mwaka huohuo wa 1854 Snow alilinganisha nyumba za kusini mwa mto. Kampuni ya Southwark and Vauxhall, iliyochota Thames ndani ya mji, ilikuwa na vifo 315 kwa kila nyumba 10,000. Kampuni ya Lambeth, iliyohamishia mahali pake pa kuchotea maji Thames Ditton, nje ya mji, mwaka 1852, ilikuwa na 37. Sheria ya 1852 ilizitaka kampuni zichote sehemu ya mto iliyo juu ya Teddington, kabla haujafika mjini, zichuje, na zifunike mabwawa yaliyo karibu na mji. Mwaka 1866 maji ya mabwawa ya wazi ya Old Ford yakaingia kwenye mabomba ya mashariki mwa mji, na kipindupindu kikaua zaidi ya watu 5,500 London. Ndipo utaelewa kwa nini kauli ya "acheni pampu, tumieni bomba" haikuwashawishi watu haraka. Mpini wa Broad Street wenyewe ulirudishwa baada ya mlipuko.

Kwa hiyo pampu hazikufungwa kwa amri moja. Zilikwisha moja moja, kadiri wapimaji walivyopeleka matokeo na bomba lilivyokuwa la kuaminika. Pampu ya Aldgate ni mfano mzuri: maji yake yalisifiwa kwa ladha, mpaka ikabainika yanapita kwenye makaburi na kubeba chokaa ya mifupa. Mwaka 1876 ikaunganishwa na maji ya New River, kasha likabaki palepale. Kilichosaidia pia ni kuwapa watu mbadala wa bure barabarani. Samuel Gurney alianzisha chama cha chemchemi za kunywea, na ya kwanza ilifunguliwa tarehe 21 Aprili 1859 kwenye ukuta wa kanisa la St Sepulchre, maji yaliyochujwa, vikombe vimefungwa kwa mnyororo. Hadi watu 7,000 kwa siku waliitumia. Mwaka 1904 kampuni zote 8 zikachukuliwa na bodi moja ya umma.

Fundi Silinda

Nyongeza kwa anayetaka kuzitazama zilizobaki. Pampu ya mtaa wa Cornhill ni ya chuma, na maandishi yake yanasema kisima cha kwanza kilichimbwa 1282, kikagunduliwa tena na kupanuliwa 1799 kwa michango ya Benki ya Uingereza, kampuni ya East India na ofisi za bima ya moto. Nembo za bima ziko kwenye pande zake. Bima walichangia kwa sababu nyumba ikiungua, kisima chenye pampu karibu kiliwapunguzia hasara.

Kasha la pampu ya kisima lina mwanya mrefu wa wima ubavuni au nyuma, ambamo mpini hupanda na kushuka, na kina chake cha ndani kinatosha fimbo kupita katikati. Likiunganishwa na bomba la mji, mwanya huo huzibwa au mpini hugandishwa, na kitufe au koki hutokea upande wa mdomo. Broadwick Street, jina la Broad Street tangu 1936, iliwekewa pampu mwaka 1992, lakini hiyo ni nakala na haina kisima chini yake. Mahali pa pampu ya asili pana alama ya jiwe jekundu la matale ukingoni mwa barabara, kwa hiyo anayepima umbali hadi nyumba namba 40 aanzie kwenye jiwe.